Barabara Iliyopinda ya Kyamatula

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Bwana DO, Chifu wetu, Mchungaji, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kwa kukosa viti: mwi aseo, hamjambo? Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Mmenisifu tangu asubuhi, mpaka nikageuka kutazama kama kuna Mwangangi mwingine ameketi nyuma yangu. Nimekuwa afisa wa mipango wa kituo hiki, na leo nastaafu. Lakini kabla sijapewa hilo blanketi la kuniagia, niruhusuni niulize jambo. Akina mama wa kikundi cha Kaluki, wanaouza mboga mbele ya maduka, wamepewa barua kwamba waondoke Jumatatu kwa sababu hawana ploti. Je, kuna mtu hapa amewahi kujiuliza kwa nini watu waliokuwa hapa kabla ya duka la kwanza hawana ploti hata moja?

Mimi najua.

Mwaka 1976 nilitumwa hapa Kyamatula nikiwa kijana, ramani kwapani, suruali imepigwa pasi kali. Wakubwa walitaka kituo cha kupunguzia mji wa Kitui msongamano: soko, steji ya matatu, zahanati na mistari miwili ya maduka. Nikapigilia vigingi vya barabara kuu, vimenyooka kama uzi, nikaenda zangu Kitui wiki tatu. Niliporudi nilikuta nini? Mtaro! Mita mia nne, udongo umerushwa upande wa juu, na vigingi vyangu vimesogezwa.

Nikamuuliza Kaluki, aliyekuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, ni nani aliyewaambia wachimbe. Akanishangaa.

"Si ni wewe? Afisa wa kilimo akipiga vijiti, sisi huchimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko. Lakini mwanangu, laini yako ilikuwa inateremsha maji. Tulipima na kamba na chupa ya maji, tukakurekebishia."

Kurekebishwa, mimi! Na diploma yangu! Nilikasirika, nikaandikia ofisi barua siku hiyo hiyo: kikundi hiki kimeharibu kazi ya serikali, kisipewe ploti. Ikapita bila swali.

Hata hivyo, hasira yangu haikuwa kubwa kuliko udadisi wangu. Sikuufukia mtaro, nilitaka kuona mvua itasema nini. Novemba ikanyesha siku nne mfululizo. Barabara ya chini, niliyoinyoosha mwenyewe na ambayo hakuna mama aliyeigusa, ikawa korongo. Ya juu, yenye mtaro wa akina mama, ikabaki. Mzee Muktar yule pale, aliyetoka Garissa akafungua duka letu la kwanza pale juu, aliniita akanionyesha magunia yake ya sukari, makavu kabisa.

"Bwana Ramani," akaniambia, "sasa chora kama hawa mama."

Nikachora. Ndiyo maana barabara yetu imepinda, maduka yakaifuata, na benki ikaja. Wageni wakija kujifunza hunisifu kwa ile kona, nami nimekuwa nikiitikia, asante, asante.

Sasa, kwa nini sikuifuta ile barua? Nimejiuliza miaka thelathini. Mwanzoni niliogopa kuonekana nilikosea. Kisha nikapandishwa cheo kwa sababu ya barabara hiyo hiyo, na ikawa vigumu zaidi. Wewe ungefanyaje? Usinijibu. Mama Kaluki, naona aibu, na naisema mbele ya watu wote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, usininunie. Wewe umefuata faili, na kilichomo kwenye faili nilikiandika mimi. Nimeandika barua nyingine, hii hapa, ya kufuta ile ya kwanza na kuwapa akina mama ploti nne zilizobaki kando ya steji. Nimeshatia sahihi, maana kazi yangu inaisha saa kumi na moja, na sasa ni saa tisa na nusu. Imebaki sahihi yako.

Chakula cha leo wamekipika wao, barua ya kufukuzwa ikiwa imefungwa kwenye leso. Mimi sitaweza kukimeza kabla hujaandika jina lako hapa.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa. Mwenyekiti, kalamu hii.