Kidani cha Kukinga Mnara

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa chumba changu, pale barabara inapokata kona. Mimi nachemsha kahawa mlangoni, wao wanakunywa na kubishana. Kuna Waya, fundi wa redio na simu, ambaye meza yake iko hapo hapo pembeni. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa huja kunyoa maneno. Na kuna Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, mwenye methali kwa kila jambo, ila kila methali huipeleka nyumba isiyo yake. Watu husema vijiwe ni vya wavivu. Mimi siwezi kusema hivyo tena.

Mtoto wangu alikuwa na miezi miwili, na kazi yake ilikuwa kulia. Kliniki walimpima, wakasema uzito wake ni mzuri, ni gesi tu tumboni, atakua ataacha. Lakini wiki ileile niliyojifungua, walisimamisha mnara wa simu kwenye paa la jengo linalotazamana nasi. Mama mkwe aliposikia hayo mawili kwa pamoja, hakutulia. Akanunua kidani, jiwe jeusi bapa kwenye uzi, cha kukinga mawimbi ya mnara, akampa mtu anikabidhi pamoja na salamu: mvalishe mjukuu wangu. Kwa upendo ule, ningekataaje? Ila niliogopa uzi shingoni mwa mtoto, nikakivaa mimi. Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Siku zikapita, mtoto analia vilevile.

Mchana mmoja, nikiwa na mtoto mgongoni na birika mkononi, Wembe akakiona.

Wembe: Shemeji, hicho nacho ni nini? Bwana katuma zawadi?

Mimi si mtu wa maneno mengi mbele ya wateja. Nikawaeleza nikitazama vikombe. Mwisho nikasema lililokuwa linanikaba: kama ni mnara kweli, nihame na mwanangu, niache chumba na kahawa, au nifanyeje?

Mzee Breki: Binti, usihame. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Wembe: Sasa mkono umeingiaje hapa, mzee?

Mzee Breki: Mnara una mikono? Hauna. Utamshikaje mtoto?

Waya: Tuache methali, tupime.

Mezani kwake kulikuwa na redio ya mteja, kifuniko kimefunguliwa. Akaiwasha, akaweka simu yake kando, akamwambia Wembe ampigie. Kabla simu haijaita, redio ikakoroma: trr, trr, trrrr.

Waya: Mmesikia? Hayo ndiyo mawimbi. Sasa dada, lete kidani.

Nikakivua. Akakining'iniza kwenye bisibisi, katikati ya simu na redio. Wembe akapiga tena. Redio ikakoroma vilevile, pengine kuzidi.

Wembe: Kimefanya kazi.

Waya: Kimefanyaje kazi na redio inakoroma?

Wembe: Hakizuii, kinachuja. Kama chujio la chai. Chai inapita, majani yanabaki. Hayo uliyosikia ni mawimbi safi.

Mzee Breki: Nyinyi mnakitundika kitu cha shingo kwenye bisibisi, halafu mnakilaumu! Chanda chema huvikwa pete. Kinataka joto la mtu. Lete hapa.

Akakivaa. Redio ikakoroma.

Wembe: Shingo imechoka, mzee. Imetembea kilomita nyingi.

Mzee Breki: Shingo hii ilikuwa inageuka kutazama nyuma ya lori wewe ukiwa bado unanyolewa na mama yako!

Mtoto akaanza. Kwanza kidogo kidogo, kisha kilio kile cha kukunja miguu mpaka uso unakuwa mwekundu. Nikamtingisha mgongoni, haikusaidia.

Waya: Mimi nimeshajua. Mnara haumuumizi mtoto. Unamwambia.

Wembe: Unamwambia nini?

Waya: Kila kitu. Masikio yake bado mapya, hayajazoea kuziba. Simu zote za mtaa huu zinapita kichwani mwake. Wapenzi wanaogombana, mashangazi wanaosengenya, na kila anayesema "niko njiani" naye yuko kitandani. Wewe ungelala?

Wembe: Kumbe analilia uongo wetu!

Mzee Breki: Halii huyo. Anajibu! Zile simu zinazokatika katikati ya maneno, mnadhani nani anaingilia?

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikageukia ukuta ili wasione.

Mzee Breki: Basi redio ya kweli ni huyu mtoto. Mlete tumpime.

Akampokea, kidani kikiwa bado shingoni mwake. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akatembea mbele ya benchi, kwenda na kurudi. Mtoto akanyamaza.

Wembe: Kidani!

Kelele ile ikamliza tena. Wembe akasema sasa ni zamu yake, akamchukua mtoto, na Mzee Breki akaanza kuhangaika kuvua uzi uliokuwa umenasa kwenye kola. Kabla haujatoka, mtoto alikuwa tayari kimya begani kwa Wembe, ambaye alikuwa akiyumba taratibu, kama anavyozunguka kichwa cha mteja.

Waya: Mbona amenyamaza bila kidani?

Mzee Breki: Nguvu yake imebaki hewani. Lori huondoka, moshi ukabaki.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, mgeni kijiweni, mwenye ile redio.

"Nimefuata redio yangu," akasema. "Mbona iko tumbo wazi?"

Waya: Iko kwenye utafiti, mama.

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja, mnara, uongo, moshi wa lori. Yeye hakuwa anawatazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nammiminia Waya kahawa, na kahawa yote ilikuwa inaingia kwenye sinia. Kikombe kilikuwa kando, kikavu.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe mwenyewe umelala lini?"

Nikatafuta. Nikakumbuka kusinzia nikiwa nimeegemea ndoo, na kusinzia nikiwa nanyonyesha, lakini kulala kwenyewe sikukukumbuka. Mzee Breki akatafuta methali, akaikosa.

Waya: Tunaegemea ukuta wake kila siku, na hatujui.

Wembe akanipokonya birika kwa mkono uliokuwa huru.

Wembe: Shemeji, ingia ndani.

"Na kahawa?" nikauliza.

Wembe: Kahawa tutaiharibu wenyewe.

"Akilia kwa njaa?"

"Nitakuamsha mimi," akasema yule mama, akaweka mkoba chini na kuketi. "Redio yangu bado iko tumbo wazi. Sina haraka."

Nikamnyonyesha mtoto kwanza, nikamrudisha kwao, nikalala. Sikuota kitu.

Nilipoamka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara, na nje kulikuwa kimya. Kimya pale benchini ni jambo la kutisha. Nikafika mlangoni bila viatu.

Mtoto alikuwa amelala fofofo kwenye mkono wa Mzee Breki, mdomo wazi. Birika lilikuwa halina hata tone. Yule mama alikuwa anafukuza nzi kwa kifuniko cha redio yake. Na wale watu, ambao sauti zao husikika mpaka barabara kuu, walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, mishipa ya shingo imewatoka.

Wembe: Nakwambia ni kidani.

Waya: Kidani kiko mfukoni mwangu tangu mchana.

Mzee Breki: Mfuko nao una shingo yake.

Wembe: Punguza sauti, mzee.

Mzee Breki: Punguza wewe.

Jioni mama mkwe angepiga kuuliza kama zawadi yake imefaa, na jibu nilikuwa nalo, tena la kweli: imefaa sana, mama, Mungu akuweke. Habari ya kuhama ilikuwa imeshanitoka. Nilitaka kuwaambia asante hao wanne, lakini aibu ikanishika ulimi, na hata hivyo ningemwamsha mtoto. Hakuna aliyekuwa ameniona. Nikarudi kulala.