Hilda Tustain na Mwanasesere wa Wifi Yake

Marehemu Hilda Muriel Tustain alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika kijiji cha Sowerford, Oxfordshire, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Albert Harwood, mtunza farasi wa shambani, na mkewe Elsie. Alikua akivaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na dada zake wawili. Mwenyewe alikuwa akisema wivu aliupatia humo, ndani ya koti la mtu mwingine.

Alisoma shule ya kijiji mpaka mwaka 1953. Zawadi ya kushona ilipokwenda kwa msichana mwingine, Hilda hakumsemesha yule msichana mpaka Krismasi. Alichowashinda wote ni kuangusha kokwa za mti uliokuwa uani kwa mchungaji wa kanisa kwa kurusha kijiti. Hakuna aliyempa zawadi kwa hilo, ila mchungaji alimzaba makofi.

Alipomaliza shule aliajiriwa katika kiwanda cha mablanketi mjini Witney, akafanya kazi huko hadi kilipopunguza watu. Baadaye alipika katika jiko la shule, na watoto waliobakiza kabichi wanamkumbuka hadi leo.

Jumamosi tarehe 13 Juni 1959 alifunga ndoa na Cyril Tustain, fundi wa kuezeka nyasi. Siku ile wageni walisifu sana kofia. Haikuwa ya bibi harusi. Ilikuwa ya Avis, dada yake Cyril, na kuanzia hapo wifi hawa wawili walipendana kwa kukodoleana macho.

Wote wawili walicheza Aunt Sally. Hilda alichezea timu ya baa ya Simba Mwekundu, Avis aliyeolewa kijiji cha pili akachezea ya Taji. Hapa msibani kila mtu anaujua mchezo, lakini wajukuu walioko London wasikie: mwanasesere mweupe wa mbao anakaa juu ya chuma, nawe una virungu sita vya kumwangushia. Kirungu kikigusa chuma kwanza, umepoteza. Ukimwangusha kwa virungu vyote sita, mwanasesere ni wako, unaenda naye nyumbani. Wengi wetu tutazikwa bila kumpata. Hilda alimtaka huyo mwanasesere kuliko alivyotaka friji.

Jumatano tarehe 8 Agosti 1984, Taji walikuja kucheza Simba Mwekundu. Hilda ndiye aliyesimama kando ya chuma kutangaza kila kirungu kimegusa nini kwanza, "Mwanasesere" au "Chuma". Avis akaangusha mara tano mfululizo. Cha sita kikaruka, mwanasesere akadondoka, chuma kikalia, uwanja mzima ukamgeukia Hilda. Kutoka pale aliposimama, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kirungu kiligusa mbao kwanza, kwa upana wa kidole. Alikaa kimya hadi watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Mwanasesere."

Nyumbani Cyril alimuuliza, "Mbona umenuna hivyo, mke wangu?"

"Mdomo wangu umenisaliti. Ningesema chuma, nani angejua?"

"Wewe ungejua."

"Mimi ningevumilia!"

Avis alimweka mwanasesere juu ya kabati nyumbani kwake, mkabala na kiti alichokalia Hilda kila Jumapili alipokuja kula. Nyama ya kuoka ilikuwa haimshuki vizuri.

"Kaa, wifi, kaa palepale unapopapenda," Avis alimwambia.

"Wifi, hilo dude lako mbona limeingiwa na mchwa?"

"Mchwa wako wapi? Nampangusa kila siku. Wako unampangusa kwa kitambaa gani?"

Walikwenda hivyo miaka na miaka. Cyril alipofariki mwaka 2001, Avis alilala kwa Hilda wiki nzima, akampikia, akamfulia. Hilda alimshukuru, kisha akalalamika kwamba hata supu ya Avis ni tamu kuliko yake.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2015. Daktari alimkataza kurusha. Hilda akamwambia daktari arushe yeye. Julai mwaka uliofuata, Simba Mwekundu walimpa zamu ya mwisho, na kwa heshima wakamsimamisha Avis kando ya chuma. Cha kwanza, akaangusha. Cha pili, akaangusha. Kufika cha tano watu walikuwa wameweka glasi chini. Cha sita alikishika, akapumua, akakirusha. Mwanasesere akaanguka! Watu walikuwa wameshaanza kurukaruka, mwanawe Clive ameshamkumbatia, ndipo Avis aliposema, "Chuma."

Mjukuu wake Kerry akapiga kelele, "Bibi Avis! Hata kwa mgonjwa?"

Avis hakulibadilisha neno lake.

"Mwacheni wifi yangu," Hilda alisema. "Na mimi nimesikia chuma kikilia kwanza. Angenipa cha bure, nisingemsemesha tena." Akaagiza saida, ile pombe ya matofaa, akamwambia Avis alipe.

Oktoba alilazwa hospitali. Avis alimpelekea mwanasesere, amemfunga kwa taulo la jikoni. "Kaa naye, wifi. Mchukue moja kwa moja." Hilda alimshika muda mrefu, akampima uzito mkononi, akamgeuza huku na huku. Halafu akamrudisha. "Mpeleke kabatini kwako. Hapa atanichungulia usiku kucha, nami nitakufa kwa wivu kabla ya moyo."

Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 21 Novemba 2016, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Agizo lake la mwisho kwa bintiye Marian lilikuwa hili: "Avis atataka kumtia mwanasesere wake ndani ya jeneza. Msimruhusu. Simtaki wa kwake. Wangu nitajitafutia hukohuko."

Ameacha watoto wawili, Clive na Marian, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na wifi yake Avis, aliyekaa kiti cha mbele na mkoba mkubwa magotini. Tunajua kilichomo, Bi Avis. Tafadhali usiufungue.

Pumzika, Hilda, mkono wako umefanya kazi ya kutosha. Tunaomba tu kwamba huko ulikokwenda, anayesimama kando ya chuma awe msema kweli kama ninyi wawili.