Bonifas Aje Anitukane

Sogeeni, wanangu, na wewe Elia kaa upande huu wa sikio linalosikia bado, maana nitaanza na jambo ambalo sikulielewa na sasa naona nitaondoka bila kulielewa. Jioni ile Mikumi, katika ua wa baa iliyo kando ya barabara kuu, watu wamejaa mpaka wengine wamepanda juu ya malori, nilimwuliza Bonifas swali nililomwuliza kila tuliposimama mbele ya watu: "Mnyamwezi, mzigo wa watu umeuweka wapi?" Naye alitakiwa kujibu, "Nimeukalia, Mkaguru, usije ukaula." Hakujibu. Alinitazama kama mtu anayetazama behewa la mwisho likipita, akavua koti lake la kuchekeshea, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akashuka. Watu wakacheka wakidhani ndio mchezo wenyewe. Nami nikacheka. Tangu siku hiyo hajanisemesha, wala hajachekesha tena mahali popote, na kila niliyemtuma alirudi na jibu lilelile: "Mwambieni Gabrieli sina neno naye."

Sina neno naye. Nimelitafuna jibu hilo miaka yote hii kuliko nilivyotafuna ugali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimeungoja mshindo mpaka masikio yameziba.

Agatha, usilie juu ya uji, utauzidishia chumvi. Nipandishie mto. Hapo, hapo panatosha.

Wajukuu hawamjui Bonifas, isipokuwa Shamimu aliyekaa pale mlangoni, ambaye ni mjukuu wake wa damu na nimefurahi kwamba amekuja kunijulia hali. Basi sikilizeni. Babu yake Bonifas alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na babu yangu aliteremka kutoka Mamboya na jembe lake, wakakutana hapa Kilosa, na kwa kuwa Wanyamwezi na sisi Wakaguru ni watani tangu enzi za misafara, wakaanza kutukanana kabla hawajajuana majina. Mimi na Bonifas tulirithi matusi hayo kama wengine wanavyorithi mashamba. Kisha akaja Mwingereza mmoja kuchunguza nyati kule mbugani, tukamwita Bwana Nyati, nasi tukapata kibarua cha kumbebea vyombo vyake, na jioni alituwekea kanda za video za wachekeshaji wa kwao. Walikuwa wanakuja wawili wawili, jozi baada ya jozi. Daima mmoja anajifanya mwenye akili na mwingine anajifanya mjinga, na ukikaa ukawatazama vizuri unaona kwamba mwenye akili ndiye mjinga zaidi.

Bwana Nyati alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, msomi, lakini kwa mambo hayo alikuwa kama mtoto aliyeokota asali. Kila kichekesho alikijua kwa moyo, akacheka kabla hakijafika. Alikuwa na fulana zenye picha za vyombo vya kwenda kwenye nyota, na dadu zenye pande nyingi ambazo yeye na wenzake huko kwao walizirusha siku nzima wakijifanya wachawi na majitu, watu wenye kazi zao na wake zao. Nilimwuliza kama haoni haya. Akasema shuleni walimcheka mpaka akawa haendi uwanjani, na alipona siku alipokutana na mtu mwingine aliyekuwa anacheka anachokicheka yeye. Sikuona tena la kumwuliza.

Alipoondoka alituachia kanda zote na deki. Tukajenga lile banda karibu na soko, tukaweka mabenchi. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la saba, nacho tulikipata kwa viboko, basi mimi nilishika sauti ya yule mwenye akili, Bonifas akashika ya mjinga, na pale tusipoelewa, yaani karibu kote, tuliwatia Waingereza wale utani wetu vinywani. Mzungu mwembamba mwenye tai anamwambia mwenziwe, "Nyie Wanyamwezi mnabeba hata kisichokuwa chenu," na mwenziwe anajibu, "Na nyie Wakaguru mnatuonyesha njia mkiwa mmelala." Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Bwana Nyati alirudi mwaka mmoja kututembelea, akakaa nyuma, akasikiliza, kisha akasema hakuna hata neno moja tulilopatia, na kwamba ndivyo hasa walivyokuwa wakisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba wale nao ni watani, ingawa kwao hakuna aliyewaambia.

Ngojeni. Pumzi.

Baadaye tukaanza kusimama wenyewe mbele ya watu, na vijana wa Kilosa na wa Mikumi walitupenda kupita kiasi. Walishona makoti kama yetu. Walitusahihisha: "Mzee Gabi, juzi ulisema bata, leo kuku! Ni kipi?" Walibishana mpaka wakashikana mashati kuhusu nani kati yetu alianza kuanguka. Na jioni ile ya Mikumi, sasa nakumbuka, walikuwa wakilipigia kelele jibu la Bonifas kabla hajafungua kinywa, ua mzima kwa pamoja. Huenda ndiyo sababu. Huenda mtu akipendwa kwa maneno yake hata yanatoka midomoni mwa watu kabla hayajatoka kwake, anajikuta amebaki mtupu. Au huenda alikuwa mgonjwa, au amechoka na mimi, kwani nachosha. Sijui, na mtu hahukumiwi kwa huenda. Nanyi msimhukumu nitakapokuwa sipo.

Sasa mali. Shamba la Mamboya ni la Agatha, ndiye anayelilima. Nyumba hii ni ya Elia. Lile banda, Elia, najua unataka kulivunja ujenge vyumba vya wageni kwa kuwa treni ya umeme imekuja, na si wazo baya, baba, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kanda ziliharibika mto Mkondoa ulipofurika, lakini Shamimu na wenzake bado hukutana mle, wanatazama vichekesho vile kwenye simu zao, wanatengeneza maroboti kwa maboksi ya sabuni, wanarusha dadu walizochonga wenyewe. Mtaani wanaitwa waliorukwa na akili. Uliwahi kusikia mmoja wao ameiba? Mwachieni mtu anachokipenda. Hujui kinamshikilia asianguke wapi. Banda lisivunjwe maadamu wao wanalifagia.

Lakini hayo yote ni makapi, wanangu. Nililowaitia ni moja.

Elia, wewe ni mzee wa kanisa na nakuheshimu. Jana nilikusikia jikoni ukimwambia dada yako, "Mazishi si vichekesho. Sitaki watani siku hiyo, watatuaibisha mbele ya mchungaji." Sikuwa nimelala. Mtu wa hali yangu halali, anafunga macho tu ili mpumzike. Mwanangu, kwetu mtu hazikwi na waliao peke yao. Mtani ndiye anayekuja kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anayemtangazia ubahili wake, anayeshuka kaburini na kukataa kutoka mpaka wenye msiba wambembeleze. Unadhani anacheza? Wote wengine mtakuwa mnaniaga. Yeye peke yake ndiye atakayenizuia.

Mimi nimeomba kwa Mungu, nimeungama, sina hofu ya huko niendako. Hofu yangu ni ya kushushwa kimya. Kwamba Bonifas atakuwa Mikumi anapalilia mbaazi zake, na mimi nitafukiwa kama kiazi, na hakuna atakayesema hata tusi moja. Hilo linanikaba kuliko haya maji yaliyojaa kifuani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Miaka yote hii nimekuwa kidole kimoja, nikicheka vichekesho vya nusu, nikiuliza swali na kujijibu mwenyewe bafuni. Mmewahi kunisikia? Mlidhani naomba.

Daktari aliposema nirudishwe nyumbani nilimwelewa. Basi sina nafasi ya kuzunguka. Baba haombi, baba huagiza. Lakini mimi nakuomba, Elia. Nenda Mikumi. Usimtume mtu, nimekwisha kutuma watu. Wewe mwenyewe, uliyekataa. Usimwulize kwa nini. Usimpeleke Shamimu amlilie, huko ni kumfunga mtu kamba. Mpe shikamoo, mwambie: baba anakufa na hakudai maelezo, anataka uje umtukane. Akinikuta hai, nitamshukuru Mungu. Asiponikuta, anitukane vivyo hivyo. Nitasikia au sitasikia, hiyo si kazi yake.

Unanyamaza. Nawe unanyamaza, Elia?

Sema kwa nguvu, sikio hili limechoka... Utakwenda. Agatha, amesema atakwenda? Shamimu, wewe umesikia? Basi. Basi yameisha.

Msimwuzie mtu ardhi ya mama yenu. Mnizike karibu naye, upande wa kushoto, alizoea. Msigombane... mkigombana, mgombane kwa maneno mengi, msinyamaziane. Leteni vichwa. Huyu ni nani? Agatha. Na huyu. Mungu awape... awape wa kucheka naye. Kila mmoja wenu. Hata mmoja tu. Awape...

Elia, bodaboda. Jua bado lipo.

*

Elia aliondoka mchana uleule, na alipofika Mikumi, Mzee Gabrieli alikuwa amekwisha kutulia. Bonifas alimsikiliza mpaka mwisho, hakusema atakuja wala hatakuja. Siku ya maziko, jeneza likiwa limewekwa kando ya shimo na mchungaji amefungua kitabu, mzee mmoja alipenya katikati ya watu, akashuka kaburini taratibu kwa sababu ya magoti, akalala chali.

"Mkaguru huyu mwongo," alisema kutoka chini. "Tuliahidiana tuje huku pamoja, tazama alivyowahi chumba! Sitoki."

Kina mama walimtupia khanga, hakutoka. Agatha alimletea kuku, mzee akasema kuku huyo amekonda kama aliyemfuga. Mchungaji akamtazama Elia, na ukoo wote ukamtazama, kwa kuwa ndiye mwenye msiba na uamuzi ulikuwa wake. Elia alichuchumaa ukingoni, na suti yake ikaingia udongo.

"Toka humo, Mnyamwezi wee," alisema. "Toka. Ukilala humo utakoroma, na baba hajapata usingizi tangu ulipoondoka."

Kisha Bonifas akainua mkono, na Elia ndiye aliyemvuta juu.