Magitaa Mawili ya Chini ya Bati

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, lenye mguu mmoja wa chuma ambao Cheche aliuchomelea mwenyewe baada ya ule wa mbao kuliwa na mchwa. Limebanwa kati ya saluni ya Kinyozi na karakana ya Cheche, na mimi nashona viatu hapo hapo pembeni, kwa hiyo siwezi kusema huwa naenda kijiweni. Kijiwe ndicho kilichonifuata. Jua likianza kulegea, Mama Kahawa huja na birika lake, Mwalimu mstaafu huja na gazeti alilokwisha kulisoma nyumbani, na ubishi huanza wenyewe.

Mwaka ule ubishi wetu mwingi uliletwa na mpwa wa Kinyozi, ambaye sote tulimwita Binti. Alikuwa ameomba stoo iliyo nyuma ya saluni ya mjomba wake, akatundika mablanketi ukutani, akasimamisha godoro kuukuu mlangoni, akaanza kutengeneza podikasti. Mwalimu alipouliza hicho ni kitu gani, Kinyozi alimweleza kwamba ni redio ambayo huisubiri wewe, yenyewe ndiyo inakusubiri. Binti aliipa jina Sauti za Uani. Hakuwataka wanamuziki wenye majina. Aliwataka wale wa mitaani kwetu, ambao hakuna kampuni iliyowahi kuwapa hata kiti cha kusubiria: vijana wa kuosha magari, ambao kinanda chao kiling'oka vibonye kadhaa wakawa wanatunga nyimbo zisizohitaji vibonye hivyo; na wasichana watatu wa kiwanda cha mikate, wanaofanya mazoezi asubuhi kabla tanuri halijashika moto.

Sisi watu hao tulikuwa tunapishana nao kila siku. Siku Kinyozi alipotoa spika nje na kutuwekea sauti ya yule msichana mrefu wa mikate, yule anayekufungia mkate bila kukutazama usoni, Mama Kahawa alisahau kuwa anamimina. Kahawa ilijaa kikombe ikamuunguza kidole. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe."

Baadaye Binti akaamua kutafuta bendi zilizokufa. Kila aliyemuuliza alimtajia Chini ya Bati.

Hapo kijiwe kikapata ubaridi, maana bendi ya Chini ya Bati ilikuwa ya Cheche na kaka yake. Ilizaliwa ndani ya karakana hiyo hiyo, chini ya bati hilo hilo, enzi karakana ilipokuwa ya baba yao. Kaka mtu, ambaye tulimwita Taratibu kwa jinsi alivyozungumza, alipiga gitaa la solo. Cheche alipiga la ridhimu. Wakati wanafanya mazoezi, watu walikuwa wanaacha vyombo vyao bombani vikifurika. Kisha, Binti akiwa bado hajazaliwa, ndugu hao wawili wakanuniana. Taratibu akahamia ng'ambo ya mji, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, na tangu hapo jina lake halikutajwa kwenye benchi letu. Hakuna aliyetukataza. Tulizoea tu, kama mtu anavyozoea kuruka ngazi iliyovunjika nyumbani kwake.

Binti hakujua habari ya ngazi hiyo. Alimtafuta Taratibu, akamkuta nyumbani kwake, akamhoji mchana mzima. Alituambia baadaye kwamba mzee yule alisimulia habari za kila mtu katika bendi, hata za jirani aliyekuwa akiwazimia umeme, lakini mdogo wake hakumgusa. Mwishoni alimwomba apige chochote, ili kipindi kiwe na mlio wa gitaa. Akapiga.

Cheche naye alimzungusha Binti wiki nyingi. Leo ana geti la mtu, kesho umeme hautoshi. Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba asiulizwe habari za familia. Binti akamhoji karakanani, naye akamwomba vilevile apige chochote. Cheche akafuta vumbi kwenye gitaa kwa kiwiko, akapiga.

Siku iliyofuata kijiweni tulimwona Binti anatoka kwenye stoo yake ameshika kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hakumsalimia mtu, na hiyo si tabia yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Cheche, akapiga goti kidogo.

– Shikamoo, Anko Cheche. Kuna kitu nimekikuta. Nisingependa watu wakisikie kabla yako.

– Marahaba. Kitu gani?

– Bora usikie. Nikieleza nitaharibu.

Kinyozi alimwacha mteja kichwa nusu, akatoa spika. Kwanza Binti alimwekea kile alichopiga yeye mwenyewe Cheche. Ulikuwa mdundo mzuri, lakini wenye mapengo. Anapiga kidogo, ananyamaza, anapiga tena. Binti alisema alipouhariri alidhani mzee alikuwa anasahau. Kisha akaweka cha Taratibu. Nacho kilikuwa na mapengo. Kinapanda, kinakatika, kinasubiri, kinashuka.

Nilimwona Cheche anaweka kikombe chini. Ile milio hakuwa ameisikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Binti akaeleza kwamba jana yake alikuwa anachagua kipi kitangulie kwenye kipindi, akasahau kuzima kimoja, akabonyeza kingine, vikalia pamoja. Ndipo akavibonyeza vyote viwili mbele yetu.

Sijui niseme nini kuhusu tulichokisikia. Mimi si mtu wa maneno makubwa. Kazi yangu ni gundi na uzi. Yale magitaa mawili, yaliyopigwa siku tofauti, nyumba tofauti, na watu wasiosalimiana, yaliingiana. Moja liliponyamaza lingine lilisema. Kila pengo la huyu lilikuwa kiti cha yule. Mwendo ulikuwa mmoja, na kamba zilikazwa sawa. Ulikuwa wimbo mzima, wenye kichwa na miguu, na katikati ukafika mahali ambapo magitaa yote mawili yalisimama kwa pamoja, kitambo kirefu kuliko inavyostahili, mpaka nikadhani mashine imekufa, kisha yakaondoka tena kwa pamoja.

Cheche alizungumza hapo tu. Alisema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe:

– Hapo tunamsubiri mpiga ngoma. Alikuwa anachelewa hapo kila siku.

Yule mpiga ngoma sote tulimzika. Wimbo ulipokwisha Mwalimu alivua kofia, akaishika mapajani, nadhani bila kujua ameivua.

Lakini kijiwe ni kijiwe. Watu wakiogopa kitu, huanza kukibishia. Kinyozi ndiye aliyeanza, akimwambia mpwa wake akiri kwamba amevuta hapa na kukata pale, maana kompyuta siku hizi zinaweza kumfanya hata yeye aimbe. Binti akamgeuzia kioo, akamwonyesha mistari miwili ya sauti, akasema hajagusa hata punje. Kinyozi akatazama mistari ile asiyoielewa, akaamini, maana uso wa mpwa wake anaujua.

Mwalimu akasema basi ni bahati. Dunia ina watu wengi na magitaa mengi, na lazima siku moja mawili yatagongana. Binti akamuuliza kwa heshima kama bahati inaweza pia kumkumbuka marehemu. Mwalimu akatafakari, akaiacha bahati, akaja na bati. Alisema sauti haifi, inaingia kwenye vitu, na chuma ndicho kinachoihifadhi kuliko vyote. Cheche ameshinda chini ya bati lile miaka yote, na kila likipata joto mchana linatoa wimbo kidogo kidogo, naye anaunywa bila kujua.

– Na Taratibu je? Yeye hana hilo bati, nikauliza.

– Mashine za kufulia hospitalini ni za nini? Chuma, akajibu Mwalimu, na akaonekana kuridhika kabisa.

Kinyozi hakutaka kuachwa nyuma. Alikumbuka kwamba zamani alikuwa akiwanyoa wote wawili, na kwamba nywele zao zinaanza kuzunguka mahali pamoja, kisogoni upande wa kulia, kama zimepimwa kwa rula. Kichwa kinachozunguka sawa, alisema, kinahesabu sawa. Alitaka hata kutuonyesha kwa kumgeuza Cheche, lakini aliutazama uso wa Cheche, mkono ukarudi mfukoni.

Mama Kahawa alikuwa bado hajasema. Aliwafahamu hao ndugu kuliko sisi sote, maana aliishi mlango wa pili kutoka kwa wazazi wao.

– Mama yao alikuwa fundi cherehani, alisema. Cherehani ya miguu. Wote wawili walilala chini ya ile meza, mmoja baada ya mwingine. Mimi ule wimbo nimeusikia kabla hawajashika gitaa. Ulikuwa mguu wa mama yao.

Cheche aliinama. Alikuwa anatazama mguu wake mwenyewe uliokuwa ukigonga ardhi polepole, na nadhani ndiyo kwanza anauona.

Wakati huo alikuwa amesimama nyuma yetu mtu tusiyemjua, aliyekuja kuulizia geti lake. Alikuwa na adabu. Alisubiri wimbo ukaisha, akasubiri na ubishi. Aliposikia vya kutosha akauliza, bila nia mbaya yoyote, kama unavyouliza njia:

– Samahani wazee wangu. Kwani hawa ndugu waligombana nini?

Nilimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Mwalimu. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba jibu moyoni miaka yote, na sasa kila mmoja alipolitafuta akakuta ni uvumi tu. Mwishowe sote tukamgeukia Cheche, jambo ambalo hatukuwahi kuthubutu.

– Lilikuwa jambo kubwa, Cheche alisema.

Tukasubiri.

– Tulikuwa hapo ndani. Alisema neno. Na mimi nikasema neno... Akakunja uso, akafunga macho. – Lilikuwa jambo kubwa sana. Mbona silikumbuki?

Mtu alikuwa amebeba mzigo mpaka mabega yakapinda, leo anautua, anafungua, ndani hamna kitu.

Cheche alimuuliza Binti ile sauti aliichukulia wapi. Binti akamjibu kwamba nyumbani kwa kaka yake, sebuleni, na kwamba mzee alipiga polepole kwa sababu binti yake mdogo alikuwa amelala kwenye kochi.

– Ana binti?

– Amechelewa kumpata, Anko. Yuko darasa la kwanza. Akasita kidogo. – Ana jina la mama yenu.

Cheche aliinuka, akanawa mikono kwenye ndoo ya kupozea vyuma, akaisugua mpaka kwenye viwiko. Alimwambia mwenye geti amvumilie hadi kesho. Mwenye geti akasema hata wiki ijayo. Cheche akaingia ndani, akatoka na gitaa, akamwambia Binti atangulie, maana yeye njia haijui. Wakaondoka. Hatukumtania, wala hatukumuuliza atarudi saa ngapi. Mwenye geti alikaa pale penye nafasi, Mama Kahawa akampa kikombe, akakipokea kwa mikono miwili.

Kipindi kilipotoka, benchi halikutosha. Wasichana wa mikate walikuja na unga mikononi, vijana wa kuosha magari wakakaa juu ya ndoo zao. Cheche hakuwepo, siku hizo karakana alikuwa anaifunga mapema. Tulisikia wimbo wote, na safari hii magitaa yalikuwa katika chumba kimoja, na nyuma yake kulikuwa na mtoto anayecheka na mtu anayemnyamazisha. Nilimwona yule msichana mrefu wa mikate amefumba macho, midomo inatembea, anatafuta mahali pa kuingilia.

Baada ya wimbo, humo humo kwenye kipindi, Binti aliwauliza ndugu hao swali lile lile la mwenye geti. Kisha ikaja sauti ambayo sisi hatukuisikia mtaani kwetu tangu enzi hizo, ya kuvuta maneno moja moja:

– Muulize mdogo wangu. Yeye ndiye mwenye kumbukumbu nzuri.

Wakacheka, hao wawili, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Binti hakukikata kicheko hicho, wala ukimya uliofuata. Ulikuwa mrefu. Ndani yake unasikia mtu anakaza kamba ya gitaa, anaigonga kwa kidole, anaikaza tena kidogo.