Bi Pua, Aliyetufundisha Mvinyo kwa Kuosha Chupa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka mashambani moja kwa moja na udongo wa mizabibu ungali kwenye viatu, ahsanteni kwa kuja. Familia imenipa mimi, mkwe wake, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu. Nitajizuia nisimsifu kupita kiasi, kwani hakupenda. Alikuwa akisema sifa nyingi ni kama sukari kwenye mvinyo: mtu huitia akiwa na kitu cha kuficha.

Mama yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mshona magunia, na mama yake alipika kwenye kantini ya stesheni ya reli. Walikulia katika vyumba viwili nyuma ya stesheni hiyo, wasichana wanne wakilala kitanda kimoja, vichwa huku na miguu kule. Dada yake mdogo, ambaye yuko nasi hapa, anasimulia kwamba ilikuwa haiwezekani kumficha mkate. Alikuwa akisimama mbele ya kabati lililofungwa, akinusa na kusema upo, na kama ni wa leo au wa jana.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, akafaulu kuendelea na sekondari. Mwaka 1964 baba yake aliumia mgongo, naye akaacha masomo akiwa kidato cha pili. Hatukuwahi kumsikia akilalamika. Lakini mwaka 1989, akiwa na miaka arobaini na moja, alijiandikisha darasa la jioni la kemia, akakaa dawati moja na watoto wa watu, na mtihani akaushinda kwa daraja la kwanza. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mume wangu, aliufanya mtihani huohuo, mwaka huohuo. Matokeo yake familia imekubaliana yasisomwe leo.

Kazi aliianza Februari 1966, kibarua wa kuosha chupa katika kiwanda cha mvinyo. Zilikuwa chupa kuukuu zilizokusanywa majumbani, na wasichana kumi na wawili walisimama kwenye karo refu la saruji, mikono ndani ya maji ya magadi tangu saa moja asubuhi. Wiki ya tatu aliitenga chupa moja, akasema iliwahi kutiwa mafuta ya taa. Msimamizi akainusa, hakusikia kitu, akamwambia asichague kazi. Akaijaza mvinyo mwenyewe, akaipiga kizibo na kuiweka dirishani ili amfunze adabu. Baada ya siku nane aliifungua mbele ya wote, akainusa, akatoka nje. Aliporudi alimwita “Bi Pua,” na jina halikumtoka tena. Mwezi uliofuata Mama alihamishiwa chumba cha kuonjea.

Hapo ndipo alipokutana na fundi mapipa, baba yetu huyu aliyeketi mbele. Aliitwa kurekebisha pipa moja lililokuwa likivuja. Akalirekebisha, kisha akarudi wiki iliyofuata kulikagua, na iliyofuata tena. Mara ya nne Mama alimwambia pipa limepona, kilichobaki aseme shida yake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watatu. Wengi hamjui kwamba mzee wetu hajawahi kupenda mvinyo. Miaka hamsini na mitatu ameishi na mtengeneza mvinyo mkubwa kuliko wote tuliowajua, na kila jioni amekunywa chai yake.

Kufikia mwaka 1979 Mama alikuwa mtengenezaji mkuu wa kiwanda, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Alikikalia miaka kumi na miwili. Mwaka 1991 tangi kubwa moja lilianza kugeuka siki. Alimweleza meneja kwamba mvinyo ule haufai. Meneja akaagiza uchanganywe kidogo kidogo na mzuri, kwani wanywaji hawatajua. Mama akamjibu, “Mimi nitajua.” Akavua aproni, akaikunja, akaiacha mezani. Tangu hapo hakufanya kazi tena mahali pale.

Mwaka ule ulikuwa mgumu, na sitaupaka rangi. Alikaa nyumbani miezi saba akifua nguo zilizokuwa safi. Wakulima wa zabibu nao walikuwa wameanza kung'oa mizabibu yao wapande mahindi. Ndipo mzee akatoa nusu ya karakana yake, akampa mapipa sita, na Mama akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wakulima wavumilie msimu mmoja tu. Wengi walimwona amechanganyikiwa. Familia tisa zilikubali. Mvinyo wa msimu ule, wa 1992, ndio uliofungua njia kwa ushirika ambao leo una familia mia moja na kumi na nne.

Na kila chupa aliiandika jina la utani la mkulima wake kwenye lebo. Yuko mzee mmoja tuliyemwita Babu Kimya. Alipopewa chupa yenye jina lake aliibeba kwa mikono miwili hadi nyumbani, akaiweka kabatini, na mpaka anafariki hakuifungua. Kila mgeni alifunguliwa kabati akaoneshwa.

Waliotaka kujifunza walikuja kutoka mbali, na wote, hata wenye shahada, walianzia kwenye karo la chupa alilojenga nje ya karakana. Mimi niliolewa katika familia hii mwaka 2008, nikaosha chupa miezi sita. Nilipoanza kutengeneza mvinyo nilimpelekea aonje. Alisema, “Rudia.” Mwaka uliofuata alisema, “Rudia.” Kwa miaka kumi na minne sikusikia neno jingine, na niseme kweli, nilishaamini kwamba mama mkwe hanipendi.

Novemba 2022, maziwa yaliungua jikoni naye amesimama kando ya jiko, asijue mpaka alipoona moshi. Hospitali walikuta uvimbe ndani ya kichwa, umekandamiza mishipa ya kunusia. Angeweza kunyamaza, nani angethubutu kumpinga? Badala yake aliwaita watengenezaji wote karakanani, akasimama akishikilia meza. “Nimewaita mlisikie kwangu, msilisikie sokoni,” alisema. “Pua yangu imekufa. Kuanzia msimu huu msiniulize mimi. Muulizeni mkwe wangu. Ananishinda tangu zamani.”

Nilitoka nje nikalia kwenye karo. Baba mkwe akanifuata na kikombe cha chai. Akasema miaka yote hiyo Mama alikuwa akinisifu kwake, akidhani yeye ataniambia. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akajibu, “Nilidhani kakwambia mwenyewe.”

Alipasuliwa Januari 2023, akapata nafuu, kisha maradhi yakarudi. Aprili mwaka huu nilimpelekea wodini mvinyo wa kwanza nilioutengeneza bila ushauri wake. Nesi aligeukia dirishani asione. Mama alilowesha ulimi tu, akafumba macho muda mrefu, kisha akaniambia hasikii kitu. “Wewe umeuonaje?” akaniuliza. Nilitaka kusema sijui, kama nilivyozoea. Nikasema, “Ni mzuri, Mama.” Akanirudishia glasi, akasema, “Basi ni mzuri.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki zile zote, na yule meneja wa zamani, ambaye alikuja kumwomba radhi mwaka 2003, wakapatana, na leo yupo kati yetu.

Ameacha mume, fundi mapipa, watoto watatu na wakwe watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, dada yake mdogo, na watengenezaji mvinyo arobaini na watatu ambao viganja vyao vimepita kwenye karo lake.

Tulipewa mtu, tukakaa naye muda mrefu, na tunamrudisha kwa shukrani. Upumzike salama, Mama. Zabibu za mwaka huu zimeshaingia zote.