Ndege Iliyopinduka Ziwani

Jana saa tano asubuhi, ile ndege ya majini, yenye tumbo kama la boti, ilikuja kutua ziwani. Tumbo lilipogusa maji, pua ikazama, mkia ukaenda juu, ikapinduka. Abiria wanne waliokolewa. Rubani alikufa. Leo benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina watu watatu wenye midomo ya watu thelathini: Breki, dereva wa lori mstaafu, Profesa, aliyekuwa mlinzi wa chuo, na kinyozi mwenyewe. Mimi ndiye mama yao wa kahawa.

— Kosa la rubani, alianza Breki. Alikuja kasi. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Hiyo si ya kuwaharakisha watu? akauliza kinyozi.

— Ndiyo. Akaharakishwa!

Profesa akakohoa kisomi.

— Tatizo ni chombo. Juu ndege, chini boti. Kikifika majini kinajiuliza: niruke au nielee? Kabla hakijajijibu, kimeshapinduka.

— Umesomea wapi hayo? Breki akauliza.

— Nimelinda maktaba miaka kumi na tisa. Unadhani elimu haivuji?

— Nyote hamjui, kinyozi akasema. Jana ziwa lilitulia kama kioo. Rubani akachungulia, akaona ndege nyingine inapanda kutoka chini. Akaikwepa!

— Akajikwepa mwenyewe? akauliza Profesa.

— Mimi nashinda mbele ya kioo, bwana. Nimeona watu wakijishtukia.

— Alikuwa amelewa, Breki akakata shauri. Lisemwalo lipo.

— Nani kalisema? akauliza kinyozi.

— Si mimi, sasa hivi!

Tukacheka, hata mimi, birika likanitikisika mkononi. Hatukumwona dada mmoja aliyesimama karibu, mkono umefungwa bendeji.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Nilikuwa kwenye ndege ile.

Breki akasogea kumpa nafasi. Hakukaa.

— Mkanda wangu uligoma kufunguka. Maji yalikuwa shingoni. Rubani alikuwa ameshafika mlangoni, akarudi. Akaukata, akanisukuma nje. Nilipogeuka, sikumwona tena.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Nataka nikampe mama yake pole, na asante. Kwao ni wapi?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akamtazama kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi.

— Hata jina lake hatulijui, mwanangu, nikasema.