Koti la Mvua na Barua ya Mama Marufuku

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, Ndugu Mkurugenzi, wafanyakazi wenzangu wa maabara, madereva wetu, wageni waalikwa, na wewe shemeji, uliyetuazima mke kwa miaka thelathini na moja na leo unarudishiwa akiwa mzima: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji ananijua vizuri, ndiyo maana ameketi karibu na kipaza sauti.

Mama anayestaafu leo mnamwita Mama Marufuku, na yeye anajua, kwa hiyo msijifanye kuinamisha vichwa. Siku ya kwenda kuchukua maji visimani alikuwa akisimama mlangoni mwa gari na kutukagua mmoja mmoja. Marufuku mafuta ya kupaka. Marufuku marashi. Marufuku chakula kilichofungwa kwenye karatasi. Dereva mmoja alilalamika, "Sasa mama, nikikutana na mchumba wangu na hii mikono ilivyopauka?" Akamjibu, "Akikuacha kwa ajili ya mikono, njoo nikutafutie mwingine. Nawa, twende."

Ukali wote huo wa nini? Kemikali tunazozitafuta zina florini, hazionekani wala hazinuki, ukichemsha maji hazitoki, na zikishaingia ardhini hukaa miaka na miaka. Zimo kwenye povu la kuzimia moto wa petroli, kwenye karatasi za vyakula, kwenye baadhi ya vipodozi na kwenye nguo zisizolowa. Mashine yetu inaona hata kiasi cha tone moja katika mabwawa ishirini makubwa ya kuogelea, na najivunia kusema kwamba wapo wachache wanaotuweza kwa kazi hii. Lakini mashine haijui kama tone hilo limetoka kisimani au kwenye mkono wa aliyeshika chupa. Hilo lazima alijue mtu.

Sasa niseme lililonileta.

Miaka sita iliyopita tulipima visima vitano vya mtaa ulio nyuma ya uwanja ambako zimamoto hufanyia mazoezi. Mimi, mkuu wa maabara, nikaona siku hiyo niende nami, nionekane. Tulipofika, mama akaenda kutafuta ufunguo wa kisima cha kwanza, na mvua ikaanza. Nikavaa koti jipya la mvua, zawadi ya mke wangu. Kisha, kwa wema uliopitiliza, nikapanga chupa zote, nikazifungua vifuniko ili kazi iende haraka, nikavua koti na kuzifunika zisinyeshewe. Aliporudi, mvua ilikuwa imekatika, vifuniko vimerudishwa, na koti limo kwenye begi. Nilijiona mchapakazi kweli.

Majibu yalipotoka, visima vyote vitano vilikuwa vichafu. Nikampigia Mkurugenzi simu hapo hapo, naye akaandaa tangazo la kuvifunga. Mama akakataa kutia saini majibu yale. Kila safari tunabeba chupa moja ya maji safi ya hapa hapa maabara, inafunguliwa kule, inafungwa, inarudi, na inatakiwa irudi safi. Siku ile nayo ilirudi chafu.

"Mkuu," akasema, "hata maji yetu wenyewe? Ulizishikashika hizi chupa?"

Nikamweleza. Akaliomba koti, akalisuuza kwa maji safi, akapima yale maji. Ndugu zangu, koti lilivishinda visima vyote vitano.

Mnadhani niliona aibu? Nilifurahi! Nikasema basi, yote ni koti, tufute habari hii, visima viko salama. "Hujui kama viko salama," akasema. "Bado hatujavipima." Akarudi kule na dereva, mimi nikaachwa ofisini. Visima vinne vikatoka safi. Cha tano, kisima cha zahanati, ambacho wazazi walikuwa wakichanganyia watoto maziwa, hakikuwa safi. Kikafungwa wiki ile ile, na bomba likavutwa.

Mwajua kwamba zahanati ilipona. Msichokijua ni hiki. Mkurugenzi aliuliza kwa maandishi ni nani aliyeharibu sampuli za kwanza, nami nikajibu kwa mkono wangu: "Uzembe wa mchukuaji sampuli." Kwenye fomu, mchukuaji sampuli alikuwa mmoja tu. Mama akapewa barua ya onyo, na baadaye akarukwa cheo mara mbili. Wiki ile ile, kisima kikiwa bado hakijafungwa, nilimwambia nataka kusema ukweli, akaniambia, "Ukisema leo kwamba mkuu wa maabara alidanganya, hakuna atakayeamini majibu ya pili, watu wataendelea kunywa. Subiri kisima kifungwe, halafu useme." Alinipa siku chache. Mimi nikajichukulia miaka sita, nikila naye chakula cha mchana kwenye meza moja, na hakunikumbusha hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye bahasha iliyo mbele yako nimeandika kwamba aliyechafua chupa ni mimi, na aliyeandika uongo ni mimi. Naomba lile onyo litoke kwenye faili lake leo, kabla hajakabidhi kitambulisho chake, na haki ya vyeo alivyorukwa iangaliwe upya. Adhabu yangu nipeni, nitaipokea bila kubishana. Nanyi vijana wa maabara, bosi wenu akiwaletea karatasi msiyoiamini, kataeni kusaini, hata bosi huyo akiwa mimi.

Shemeji, kuna jioni mkeo alirudi nyumbani na ile barua mkobani, nawe ukamfariji kwa kosa lisilo lake. Naomba radhi kwako na kwa watoto wenu. Dada yangu, nisamehe.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu, hata kwa maneno ambayo hamkuyatarajia kwenye sherehe. Sasa mimi naketi. Na mfanyakazi ambaye katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuchafua chupa hata moja, naomba asimame, tumwone.